Kumsifu Mpinzani Aliyefariki: Sifa ni Ushahidi, na Ushahidi Una Haki Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani kati yetu mwenye amali njema zaidi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.



Mwaka 2021 nchi yetu ilizika viongozi wawili wakubwa ndani ya muda mfupi. Tarehe 17 Februari 2021, mwanzoni mwa Rajabu, alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, akiwa na umri wa miaka 77. Siku ya pili yake akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 17 Machi, mwanzoni mwa Shaaban, akafariki Rais John Pombe Magufuli, naye akazikwa kwao Chato tarehe 26.

Makala hii inahusu zaidi msiba wa kwanza, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo wengi wameliona na wengi wameliuliza. Aliyetangaza kifo cha Maalim Seif ni Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Ali Mwinyi wa CCM, mtu aliyeshindana naye katika uchaguzi wa Oktoba 2020. Akatangaza maombolezo ya siku 7 na bendera kupepea nusu mlingoti. Viongozi wa chama ambacho kwa karibu miaka 30 kilikuwa hasimu wake wa kisiasa wakasimama mmoja mmoja kumsifu: mzalendo, mpenda amani, mwanasiasa mkomavu, mtu wa maridhiano.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mmoja anauliza: Sheikh, hivi si unafiki, kumsifu leo mtu uliyemtukana jana? Mwengine anauliza: Je, mimi niliyekuwa upande wa pili naruhusiwa kumsifu, na mipaka yake ni ipi? Wa tatu anauliza: Sifa hizi zinamfaa nini maiti, na zinatufaa nini sisi tuliobaki?

Ni maswali mazuri. Nitayajibu kwa pamoja, kwa kuwa yote yana msingi mmoja: katika dini yetu, kumsifu maiti ni kutoa ushahidi. Na kila anayetoa ushahidi, ushahidi huo humlazimisha jambo.

Dini inasemaje juu ya kumsifu maiti

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba lilipita jeneza na watu wakalitaja kwa kheri, Mtume (S.A.W.) akasema kuwa limewajibika. Likapita jengine, watu wakalitaja kwa shari, akasema vile vile. Sayyidna Umar (R.A.) akauliza ni lipi lililowajibika. Akajibiwa kwamba yule wa mwanzo imemuwajibikia Pepo na yule wa pili umemuwajibikia Moto, kwa sababu nyinyi ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi.

Tuitafakari Hadithi hii. Mtume (S.A.W.) ameyaita maneno ya watu mazikoni kuwa ni ushahidi. Na sote tunajua shahidi ana masharti: aseme analolijua, asizidishe, asifiche, na asiseme leo hivi na kesho vyengine. Ndiyo maana wanavyuoni walipoisherehesha Hadithi hii walisema kwamba ushahidi unaozingatiwa ni ule wa watu wema na wakweli, wanaosema yale waliyoyaona kwa mtu, si wa wanaosema kwa hawaa zao.

Vile vile imepokewa na Bukhari kutoka kwa Mama yetu Aisha (R.A.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wameshayafikia waliyoyatanguliza. Kwa hiyo aliyekuwa hasimu yako, akishafariki, ulimi wako juu yake unafungwa na Sheria. Huna tena wa kumjibu, na yeye hana tena nafasi ya kujitetea.

Lakini kufungwa kwa ulimi wa matusi hakufungui mlango wa uongo. Bukhari amepokea kisa cha Abdullah bin Rawaha (R.A.), aliyepotewa na fahamu katika maradhi. Dada yake akaanza kumlilia na kumsifu kwa majina makubwa makubwa. Alipozindukana akamwambia kwamba kila sifa aliyoitaja, yeye aliulizwa: Hivyo ndivyo ulivyo? Alipokuja kufa kweli, dada yake hakumlilia tena kwa namna ile. Maana yake ni kwamba sifa isiyo ya kweli haimpambi maiti, humletea masuala. Anayempenda maiti wake na amuhurumie asimtwishe asiyokuwa nayo.

Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha tamko la kutumia anapokuwa mtu hana budi kumsifu mwenzake: aseme kwamba anamdhania kuwa ni mtu wa namna fulani, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumhesabu, na wala hamtakasi yeyote mbele ya Mwenyezi Mungu. Hii imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Bakra (R.A.).

Kwa ufupi, hukumu ni hii. Kumsifu marehemu kwa wema aliokuwa nao inajuzu, na ni jambo zuri, hata kama alikuwa mpinzani wako. Bali kumsifu mpinzani ni karibu zaidi na uadilifu, kwa sababu katika Suratul Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kuacha kuwafanyia uadilifu. Lililokatazwa ni mambo mawili: kumzulia marehemu asiyokuwa nayo, na kuyatumia mazishi yake kwa maslahi ya kidunia.

Historia yetu na ulimi wetu

Sasa tuitazame hali yetu Wazanzibari bila ya kuoneana haya. Sisi tuna mazoea mabaya ya kumvunjia mtu heshima yake akiwa hai na kumrejeshea akiwa ndani ya jeneza.

Maisha ya Maalim Seif peke yake yanatosha kuwa somo. Alizaliwa Pemba mwaka 1943, akasomesha, akaingia katika uongozi. Januari 1984 alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kizanzibari waliokuwa kinyume na Rais wao, Mzee Aboud Jumbe, katika kikao cha CCM kule Dodoma ambacho Mzee Jumbe alilazimika kujiuzulu. Mwezi uliofuata Maalim Seif akawa Waziri Kiongozi, chini ya Rais wa wakati huo, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Haikupita muda, zamu ikamgeukia yeye. Januari 1988 akaondolewa katika Uwaziri Kiongozi, mwaka huo huo akafukuzwa katika chama, na kuanzia 1989 hadi 1991 akawa kizuizini. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 akawa miongoni mwa waasisi wa CUF, na mwaka 2019 akahamia ACT-Wazalendo.

Aligombea urais wa Zanzibar mara 6, tangu 1995 hadi 2020. Katika miaka yote hiyo, kwenye majukwaa na kwenye mbao za maskani, alisemwa kila neno: msaliti, mtu wa kuturejesha kwa Sultani, adui wa Mapinduzi. Na tuseme haki, upande wa pili nao haukunyamaza. Viongozi wa CCM wameitwa vibaraka, wameitwa wauza nchi, na wako waliofika kuukatalia Uzanzibari mtu aliyezaliwa na kukulia hapa hapa. Watu walisusiana misiba, walisusiana harusi, walisusiana hata maduka. Kuna wakati baadhi ya vijiji watu hawakuwa wakisali nyuma ya imamu kwa sababu ya rangi ya kadi yake ya chama. Mwenyezi Mungu atustahi.

Agosti 2016 alipozikwa Mzee Jumbe, sote tuliona au tulisikia yaliyotokea. Rais wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, alimnyooshea mkono Maalim Seif, na mkono ule haukupokelewa. Kila upande uliieleza khabari hiyo kwa namna yake. Wengine walisema ni kiburi. Wengine walisema mtu hawezi kupeana mkono kana kwamba hakuna lililotokea, na huku uchaguzi wa Oktoba 2015 umefutwa na kurejewa Machi 2016. Mimi sikusudii kuhukumu baina yao. Ninalotaka tulione ni kwamba hawa wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja ndani ya Serikali moja miaka 5 kamili, 2010 hadi 2015, mmoja Rais na mwengine Makamu wake wa Kwanza, na bado ikafika pahala mazishi ya mzee wao hayakuweza kuwakutanisha mikono. Ugonjwa huo haukuwa wa watu wawili. Ulikuwa wa nchi nzima.

Lakini Maalim Seif huyo huyo ndiye aliyeingia Ikulu tarehe 5 Novemba 2009 kuzungumza na Rais Amani Abeid Karume. Mazungumzo hayo yakazaa Maridhiano, yakazaa kura ya maoni ya Julai 2010 ambayo takriban thuluthi mbili ya wapigakura walisema ndiyo, na yakazaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya Katiba yetu. Na ni yeye aliyekubali Disemba 2020 kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, baada ya uchaguzi ambao chama chake hakikuyakubali matokeo yake. Wapo wafuasi wake waliomlaumu kwa hilo. Yeye aliona umoja wa nchi ni bora kuliko kinyongo. Alikaa katika nafasi hiyo kiasi cha miezi miwili tu, ajali ikamfika. Aliyeanza kazi kubwa chini ya baba, Mzee Mwinyi, akamaliza kazi yake duniani chini ya mtoto, Dk. Mwinyi. Wino wa Mungu haufutiki.

Kwa hiyo wanapokuja wapinzani wake leo wakasema kuwa alikuwa mtu wa maridhiano, hawakusema uongo. Wamesema la kweli. Swali ni moja: ukweli huo unawataka wafanye nini?

Alivyofanya Sayyidna Ali baada ya Jamal

Katika historia ya Kiislamu hakuna mfano wa mahasimu wa kisiasa ulio mzito kuliko wa vita vya Jamal, mwaka 36 Hijria, nje ya mji wa Basra. Upande mmoja Sayyidna Ali (R.A.), upande wa pili Talha na Zubeir (R.A.), wote watatu ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Talha na Zubeir walikufa katika fitna ile.

Wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kwamba Sayyidna Ali alipoukuta mwili wa Talha alishuka, akamfuta vumbi usoni, akalia na akamuombea rehema. Hizo ndizo sifa na maombolezo. Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo ninalotaka tulishike. Aliwasalia waliokufa wa pande zote mbili. Akakataza majeruhi wasimalizwe na waliokimbia wasifuatwe. Mali zilizookotwa uwanjani zikakusanywa katika msikiti wa Basra, na kila aliyekitambua chake akaambiwa akichukue. Mama yetu Aisha (R.A.A.) akarejeshwa Madina kwa heshima na ulinzi, pamoja na watu wa kumsindikiza. Na Sayyidna Ali alipoulizwa juu ya wale waliompiga vita, hakuwaita makafiri wala wanafiki. Aliwaita ndugu waliovuka mipaka.

Angalieni mpango wake. Machozi kwanza, kisha sala, kisha usalama wa waliobaki, kisha mali kurejeshwa kwa wenyewe, kisha heshima kwa familia. Maneno yake mazuri juu ya Talha yalikuwa na thamani kwa sababu yalifuatiwa na vitendo kwa watu wa Talha. Kama angelia juu ya mwili wa Talha kisha akawaachia askari wake wagawane mali za watu wa Basra, machozi yale yangekuwa na maana gani?

Sifa hailipi deni

Katika mazishi yetu ya Unguja na Pemba tuna ada njema. Kabla ya kusaliwa maiti, jamaa husimama akatangaza: anayemdai marehemu na ajitokeze, na aliyekosewa na marehemu amsamehe. Ada hii ina asli katika dini, kwani Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akasita kumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulibeba deni lile.

Lakini ada yetu inatazama upande mmoja tu. Tunauliza nani anamdai marehemu. Hatuulizi marehemu anamdai nani. Na Sheria inasema haki ya maiti haifi naye. Aliyemdhulumu mtu mali, na mtu huyo akafa, deni linahamia kwa warithi wake. Aliyemdhulumu heshima yake, kwa kumzushia na kumkashifu, hana tena pa kumuomba radhi hapa duniani. Mtume (S.A.W.) ametuusia katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba mwenye kumdhulumu nduguye katika heshima yake au chochote basi ajitoe leo, kabla haijafika siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu, siku ambayo malipo ni mema ya mtu na maovu ya mwenziwe.

Wanavyuoni wamesema anayekuwa amemsengenya au kumzushia mtu aliyekwisha kufa, basi toba yake ni kumuombea maghufira na kumtaja kwa wema mahala pale pale alipomtaja kwa ubaya. Kama ulimkashifu hadharani, usimsafishe chumbani. Kama ulimwandika ubaoni, usimsifu kwa kunong'ona. Kwa maana hii, kiongozi wa CCM aliyesimama hadharani akamsifu Maalim Seif amefanya sehemu moja ya toba, na tunamuombea Mwenyezi Mungu amkubalie.

Sehemu iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni haki za walio hai. Januari 2001 watu waliuawa, wengi wao Pemba, baada ya uchaguzi wa 2000, na mamia ya ndugu zetu walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2020 chama cha marehemu kilisema kuwa watu wake wameuawa na wengine wamejeruhiwa na kukamatwa, na mashirika ya haki za binadamu yakaripoti mambo ya namna hiyo hiyo. Hawa wana wazee, wana wajane, wana mayatima. Wao walimfuata mtu ambaye leo pande zote mbili zinakubaliana kuwa alikuwa mtu wa amani. Basi kama kiongozi wao alikuwa mtu wa amani, wao kosa lao lilikuwa nini? Hapa ndipo sifa inapogeuka ushahidi dhidi ya msemaji wake. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimame na uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu wenyewe. Huu ndio wakati wake.

Tusipasue nyoyo za watu

Sasa nirejee kwa yule aliyeuliza kama sifa hizi ni unafiki. Ndugu yangu, swali lako linaeleweka, lakini jawabu lake si letu. Usama bin Zaid (R.A.) alimuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Mtume (S.A.W.) alimlaumu sana, akamuuliza kwa nini hakuupasua moyo wake ili ajue. Kisa kimo katika Sahihi Muslim. Ikiwa katikati ya vita hatukuruhusiwa kuhukumu yaliyomo moyoni, vipi mazikoni?

Anayekuja na taazia ipokeeni taazia yake. Anayesema neno zuri juu ya maiti wenu mwambieni Amin. Kuikataa ni kumfungia mlango mtu anayetaka kurejea. Ipokeeni, kisha muikumbuke. Mkumbusheni kesho kwa heshima: Ulisema hivi juu ya ndugu yetu, na sisi tulikusadiki.

Na mtihani huo huo uliwafika wapinzani Machi 2021, alipofariki Rais Magufuli. Wako waliotoa pole kwa adabu, nao wamefanya vyema. Wako walioshangilia katika mitandao. Najua wapo walioumizwa kweli katika miaka ile, na aliyedhulumiwa ana haki ya kulitaja lililomfika na kulidai mbele ya wenye mamlaka. Hilo halikatazwi. Lakini kudai haki ni jambo moja na kushangilia mauti ni jengine.

Wengine wakauliza: Yeye hakuwa Muislamu, je, inafaa kutoa pole? Inafaa. Hatumuombei maghufira asiyekuwa Muislamu, kwa dalili ya Suratut Tawba, aya ya 113. Lakini kuwapa pole jamaa zake, kuutaja wema alioufanya kwa nchi na kuheshimu mazishi yake, hayo hayana ubaya. Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza, akaambiwa kuwa ni la Myahudi, akauliza kama ile si nafsi. Imepokewa na Bukhari na Muslim.

Nini kifanyike

Nasaha yangu kwa viongozi na kwa sisi raia ni mambo manne.

La kwanza, tuyatekeleze tuliyoyaahidi. Zanzibar imetia saini Muafaka wa 1999, ukavunjika. Ikatia saini Muafaka wa 2001, haukukamilika. Ikaja kwenye Maridhiano ya 2009, yakayumba baada ya 2015. Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 34, ametuambia kwamba ahadi ni yenye kuulizwa. Mwanzoni mwa Machi 2021 Rais Mwinyi alimuapisha Mheshimiwa Othman Masoud Othman kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Ilikuwa hatua njema. Viongozi wajue kwamba kiti kile si zawadi ya chama kwa chama. Ni amana ya wananchi waliosema ndiyo mwaka 2010. Anayetaka kumuenzi Maalim Seif na asiifanye Serikali ya Umoja wa Kitaifa kuwa ya picha, bali iwe ya kugawana maamuzi na kusikilizana.

La pili, waliopoteza jamaa zao na walioumia wasikilizwe. Usiku wa deni hauchi mpaka lilipwe. Kuulizwa hali, kutibiwa, kufidiwa panapostahiki, na aliyefanya kosa kuulizwa kwa mujibu wa sheria, hayo ndiyo yanayoponya. Tusiwaambie wasahau. Tuwape sababu ya kusamehe.

La tatu, maimamu na sisi tunaosomesha tuilinde misikiti. Hitma isigeuzwe mkutano wa hadhara, na mimbari isiwe jukwaa. Chama kina ofisi zake. Msikitini hakuna kadi ila shahada mbili.

La nne, na ndilo rahisi kulisema na zito kulifanya, tuanze na walio hai. Mpinzani wako yupo. Unakutana naye sokoni Darajani, bandarini Mkoani, hospitali Mnazi Mmoja. Lile neno zuri unalomuekea mpaka afe, mwambie leo akiwa anasikia. Sema: Hili sikubaliani nawe, lakini najua wewe ni mtu mkweli. Neno hilo moja lingesemwa kwa wakati wake, lingezuia damu nyingi.

Imepokewa na Muslim kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alkhamisi, akasamehewa kila asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu, isipokuwa mtu ambaye baina yake na nduguye kuna uadui. Husemwa: waacheni hawa mpaka wapatane.  Asiingie mtu katika mwezi wa maghufira naye ni katika wanaosubirishwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amghufirie Maalim Seif Sharif Hamad, amuinulie daraja yake, alijaalie kaburi lake kuwa bustani katika mabustani ya Peponi. Tunamdhania kuwa ni mtu aliyeitakia kheri nchi yake, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumhesabu. Amghufirie Mzee Aboud Jumbe na wote waliotutangulia kwa imani, na asijaalie ndani ya nyoyo zetu chuki juu ya walioamini. Awape viongozi wetu walio hai ujasiri wa kuyatimiza mema waliyoyasema mazikoni, na aiepushe Zanzibar na fitna za dhahiri na za siri.

Amin. Wa billahi tawfiq.